Konveta Haivai Kitambaa

Mwezi wa saba, baridi ya mtaa wa Sakina, chini ya Mlima Meru, haipigi hodi. Inaingia tu na kukaa sebuleni, kama mgeni asiyejua kuaga. Kila asubuhi Evaresta alivaa sweta, akajifunga kanga juu yake, na kabla ya kunywa chai alikwenda kuangalia mashine yake ya kutotolesha vifaranga.

"Thelathini na saba na nusu," alisoma kipimajoto kwa sauti.

"Bwana asifiwe," alijibu mumewe Abdiel kutoka chumbani. "Na mimi je? Joto langu anapima nani?"

"Siku ukiwa yai nitakupima, Baba Irine. Amka ukafanye kazi."

Abdiel alikuwa seremala. Mashine yenyewe, sanduku la mbao lenye dirisha la kioo, aliichonga kwa mikono yake. Ndani yake kulikuwa na mayai tisini na sita. Kila yai lilikuwa na jina la mwenyewe, limeandikwa kwa penseli. Mama Nancy alileta kumi na nane. Mzee wa kanisa alileta ishirini. Nashilu, jirani yao mwenye gereji, alileta kumi na mawili ya kuku wake wekundu.

Kuna kitu Evaresta hakukisahau. Mwezi wa tano mashine ilikuwa ikitumia umeme wa nyumba. Siku moja umeme ulikatika mchana kutwa, na mayai arobaini yakaoza, yakawa viza. Mtaa mzima ulicheka. Wengine walimwita Mama Viza. Evaresta alicheka nao, kisha akaingia jikoni akalia, na vitunguu vikasingiziwa.

Sasa majirani walikuwa wamemwamini tena. Ilikuwa siku ya kumi na tisa. Vifaranga hutoka siku ya ishirini na moja. Zilibaki siku mbili tu. Mayai haya yakiharibika, hakuna atakayemletea tena hata yai la kukaanga.

Safari hii mashine ilitumia umeme wa jua. Juu ya bati kulikuwa na paneli. Ndani ya kabati la vyombo, sebuleni, kulikuwa na betri mbili zilizounganishwa pamoja. Betri hizo zilitoa volti ishirini na nne. Lakini mashine ya mayai ilitaka volti kumi na mbili tu. Kwa hiyo katikati kulikuwa na konveta.

Konveta ni kisanduku cha chuma, ukubwa wake kama Biblia. Inapokea umeme mkubwa wa betri na kuutoa ukiwa mdogo. Ni kama mama anayemkatia mtoto ndizi vipande vipande. Ndizi ni ile ile, ila sasa inaingia mdomoni.

Fundi mmoja wa kupita ndiye aliyeifunga. Aliiweka kabatini juu ya betri, akachukua chake, akapita kweli.

*

Kulikuwa na mtu wa nne katika habari hii. Huyo ni Bibi Anyesi, mama yake Abdiel. Alikuwa amekuja kutoka Machame kusalimia, na salamu zake zilikuwa na miezi mitatu sasa.

Bibi Anyesi alikuwa na sindano ya kufuma, na sindano hiyo haikupumzika. Katika nyumba ile kila kitu kilivaa kitambaa. Makochi yalivaa. Redio ilivaa. Hata dumu la maji lilikuwa na kofia. Siku alipoiona konveta, alishika kiuno.

"Chombo cha thamani kama hiki kinakaa uchi? Wageni watasema nini?"

Baada ya siku tatu konveta ilikuwa na kitambaa cheupe chenye njiwa wawili na pindo refu. Kiliifunika yote, juu mpaka chini.

Evaresta aligusa konveta siku moja akaona ina joto. Wiki iliyofuata aligusa tena, na joto lilikuwa limeongezeka. Alitaka kukitoa kile kitambaa. Lakini ni kitambaa cha mama mkwe, na mama mkwe amekaa pale pale anakitazama na kutabasamu. Utaanzia wapi? Evaresta akafunga mlango wa kabati, akanyamaza.

Abdiel naye alikuwa na lake. Wiki mbili nyuma alichomeka kwenye konveta ile pampu ya kujazia upepo tairi ya pikipiki. Pampu ilivuta umeme mwingi na fyuzi ikaungua. Abdiel hakununua nyingine. Alichukua kipande cha waya wa shaba, akakisokota, akakiweka mahali pa fyuzi.

"Si hatari?" Evaresta aliuliza.

"Umeme wa betri haurushi mtu, Mama Irine. Huu ni umeme mpole."

Umeme mpole ulimsikia, ukasubiri Alhamisi.

*

Alhamisi saa nne asubuhi, Evaresta alikuwa anachambua mchele. Aliinua kichwa. Feni ndogo ya mashine ilikuwa inazunguka kwa uvivu. Ikasimama. Ikaanza tena. Ikasimama.

Kisha akasikia harufu. Haikuwa ya chakula. Ilikuwa harufu ya plastiki inayoungua.

Alifungua kabati. Joto lilimpiga usoni. Alikivuta kitambaa. Wale njiwa weupe walikuwa wamegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Baba Irine! Njoo!"

Abdiel alikuja mbio na vumbi la mbao kwenye nywele. Alinusa, akatazama.

"Imechemka tu. Naichomoa kwenye betri, natoa waya moja kwa moja kutoka betri moja mpaka kwenye mashine. Betri moja ni volti kumi na mbili, si ndiyo? Dakika mbili."

"Usiguse. Namwita Nashilu."

"Mimi pia ni fundi!"

"Wewe ni fundi wa vitanda!"

Evaresta alitoka mbio na kandambili mkononi. Gereji ya Nashilu ilikuwa pale pale kwenye barabara ya Nairobi, mwendo wa dakika tatu. Nashilu alikuwa fundi umeme wa malori, mwanamke mrefu aliyezaliwa upande wa magharibi wa Mlima Meru. Bibi Anyesi naye alimfuata nyuma. Walimkuta Nashilu ameegemea lori akifunga boksi la fyuzi. Bangili zake zilikuwa zimening'inia kwenye msumari ukutani.

"Mama Irine, unakimbia hivyo, mayai yameota miguu?"

"Konveta inaungua!"

Nashilu hakutania tena. Alichukua begi lake.

*

Walipoingia sebuleni, Abdiel alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati. Ameshika spana. Kichwa cha spana kilikuwa kwenye nati ya waya mwekundu wa betri. Mkia wa spana ulikuwa umebakiza upana wa kidole kimoja kugusa nati ya waya mweusi. Kidoleni pete ya ndoa. Mkononi saa ya chuma.

Nashilu alisimama mlangoni. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, akimwita Abdiel kwa jina la utani la watu wa Machame.

"Mangi. Usigeuke. Usishtuke. Inua hiyo spana polepole, iende juu, moja kwa moja. Kama unatoa mkono kwenye chungu cha nyama cha wenyewe."

Abdiel aliganda. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Aliinua spana, kidogo, kidogo tena, mpaka ikatoka.

"Sasa rudi nyuma."

Alirudi nyuma. Evaresta ndipo akakumbuka kupumua.

"Lakini betri hairushi mtu," Abdiel alisema. Sauti yake haikuwa na uhakika.

"Kweli, hairushi. Inachoma." Nashilu alikunja mkono wa ovaroli. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na makovu manne, yamezunguka kama bangili. "Hizi ni bangili za mama yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, natengeneza lori kule Oldonyosambu. Nilijua kila kitu, kama wewe. Bangili moja iligusa nati ya betri huku, na bodi ya lori huku. Sikurushwa hata kidogo. Ila bangili ilikuwa nyekundu kama mkaa, na haikutaka kutoka. Nyingine zikashika moto wake."

Abdiel aliiweka spana sakafuni.

"Chuma kikiunganisha nyekundu na nyeusi, betri inamwaga umeme wake wote hapo hapo. Iwe spana, iwe pete. Mangi, vua pete na saa."

"Pete ya ndoa?"

"Ndoa itabaki. Ni kidole ambacho sina uhakika nacho."

Pete haikutoka. Ilikuwa imekaa pale miaka kumi na saba, na Abdiel alikuwa ameongezeka. Evaresta alileta sabuni. Alivuta, akazungusha, akavuta. Huku nyuma kabati lilikuwa linanuka. Kipimajoto cha mashine kilikuwa kimeshuka mpaka thelathini na sita.

Pete ikatoka. Wakati huo huo Bibi Anyesi, ambaye alipitia jikoni, aliingia na jiko la mkaa, limewaka vizuri.

"Nimeleta moto kwa ajili ya mayai," alisema.

"Koko! Bibi, hapana!" Nashilu alinyoosha mikono yote miwili. "Shikamoo, lakini hapana! Simama hapo hapo!"

"Marahaba. Kwa nini unanipigia kelele?"

"Betri za maji zinatoa hewa ambayo huioni wala huinusi. Ikikutana na moto inalipuka. Na hizi zimefungiwa kabatini. Toa jiko nje, bibi yangu, nakuomba. Mama Irine, fungua madirisha na mlango. Yote."

"Mayai yatapoa!" Evaresta alisema.

"Koko, chemsha maji huko huko nje. Jaza kwenye chupa, zifunge vizuri, uzizungushie taulo. Tutaziweka ndani ya mashine pembeni, haraka, kisha tunafunga. Tundu la hewa usilizibe. Yai lenye kifaranga linapumua."

Bibi Anyesi alitoka na jiko lake mara moja. Haikuwa kawaida yake.

*

Nashilu alivaa glovu na miwani. Alianza kuzima, na kila hatua aliisema kwa sauti.

"Kwanza naondoa kinachokula umeme. Zima mashine ya mayai. Chomoa taa, chomoa chaja za simu." Evaresta alifanya.

"Pili, nakata jua. Paneli inaleta umeme muda wote mchana, hailali." Karibu na dirisha kulikuwa na swichi ndogo ya paneli. Nashilu aliizima.

"Tatu, betri. Naanza na waya mweusi." Alionyesha spana yake. Mpini wote ulikuwa umezungushiwa tepu nyeusi, imebaki ncha tu. "Swichi ya betri iko wapi?"

"Hakuna," alisema Abdiel.

"Hakuna?" Nashilu alitikisa kichwa. "Kwa hiyo nyumba yenu ina mlango wa kuingilia, wa kutokea hauna."

Alifungua nati ya mweusi. Waya ukatoka. Aliufunika ncha kwa tepu, akafanya hivyo hivyo kwa mwekundu. Kisha alikaa chini, akakunja miguu.

Abdiel alimtazama. "Mbona umekaa?"

"Nasubiri dakika tano."

"Joto la mayai ni thelathini na tano!"

"Nimeona, Mangi. Lakini konveta ikizimwa haiishiwi papo hapo. Inabaki na umeme tumboni, na tena ni ya moto. Angalia." Aligusa nyaya za konveta kwa ncha za mita ya kupimia volti. Namba ikasomeka kumi na nne, ikashuka polepole, kumi na tatu, kumi na mbili. "Umeona? Imetengana na betri na bado inaongea."

Zilikuwa dakika tano ndefu kuliko mahubiri yoyote Abdiel aliyowahi kuyasikia. Chupa za maji ya moto zikaja, zikaingizwa, mlango wa mashine ukafungwa haraka. Evaresta alisimama akitazama kile kioo. Aliona jina la Mama Nancy. Aliona jina la mzee wa kanisa.

Mita ikasoma sifuri. Nashilu aliitoa konveta nje, kwenye mwanga, akaiinamisha. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimejaa kwenye matundu yake ya hewa. Waya mmoja ulikuwa umelegea kwenye skrubu yake.

"Skrubu ikilegea, waya unachemka pale pale. Konveta nayo imekosa hewa, inachemka. Joto la pande mbili limekutana." Alizigusa nyaya mbili kwa ncha ya bisibisi. Plastiki ilikuwa imeyeyuka na nyaya zilikuwa karibu kukutana. "Hizi zingegusana, nani angekata umeme? Hiki?" Aliinua kile kipande cha waya wa shaba.

Abdiel aliangalia sakafu.

"Fyuzi ni askari, Mangi. Kazi yake ni kufa ili nyumba ipone. Wewe ulimwachisha kazi askari, ukaweka mtu asiyekufa. Kabati la mbao. Pazia hapo. Mnalala chumba kile."

"Na konveta imekufa?" Evaresta aliuliza.

"Hapana. Hii ilijizima yenyewe ilipochemka sana, ndiyo maana feni ilikuwa inasimama na kuanza. Ina akili kuliko watu wanne tuliomo humu, na mmojawapo ni mimi, maana napita hapa kila siku na sijawahi kuuliza. Ingekuwa imeungua ndani, ningekwambia tafuta nyingine. Konveta haifunguliwi tumbo sebuleni."

Alimgeukia Abdiel. "Nenda gerejini. Kabati jekundu. Leta swichi ya betri, waya mnene wa mita tatu, na fyuzi ya ampea kumi na tano pamoja na kikombe chake cha kuishikia. Kumi na tano. Imeandikwa hapa kwenye konveta."

Abdiel alikimbia. Nashilu alisafisha matundu kwa brashi kavu ya rangi. Alitoboa ukuta wa tofali, mbali na kabati, akaifunga konveta ikiwa imesimama. Aliweka kiganja chake juu, chini na kila upande.

"Nafasi ya kiganja kila upande. Joto lipande, liende zake."

Abdiel alirudi akihema. Kila kitu kilikuwepo. Nashilu alikata nyaya zilizoungua, akaweka mpya, akakaza kila skrubu na kuuvuta kila waya kuona kama utatoka. Swichi ikakaa ukutani. Kikombe cha fyuzi akakiweka kwenye waya mwekundu, shubiri moja tu kutoka betri. Kisha akaisoma fyuzi.

"Mangi. Hii ni arobaini."

"Ndiyo. Ya kumi na tano niliiona ni ndogo. Nikasema nilete kubwa, isiungue tena."

"Fyuzi si sufuria ya harusi, kwamba kubwa ndiyo heshima. Waya huu utaungua kabla fyuzi hii haijashtuka. Rudi."

"Nashilu!" Evaresta alipaza sauti. Kipimajoto kilisoma thelathini na tatu. "Weka hiyo hiyo kwa leo! Kesho tutabadilisha!"

"Kesho," Nashilu alisema. "Na ule waya wa shaba uliwekwa kwa siku ngapi?"

Evaresta alikishika kioo cha mashine kwa viganja viwili.

"Mama Irine, yangu pia yamo humo. Kumi na mawili. Mayai mengine sina. Lakini sitaiwasha hii na arobaini. Mashine ni yako, mkono wa kuwasha ni wako. Sema."

Upepo wa mlimani uliingia dirishani. Evaresta aliangalia mayai. Akaangalia kabati, na alama nyeusi iliyobaki kwenye mbao. Akaona mlango wa chumba wanacholala.

"Baba Irine," alisema. "Rudi. Kimbia kama unavyokimbilia ubwabwa."

Abdiel alishaondoka.

*

Bibi Anyesi aliingia na chupa nyingine za moto. Akaona konveta ukutani, iko uchi. Akakiona kitambaa chake chini, kimebabuka.

Nashilu alisema taratibu, "Koko, kazi ya mkono wako ni nzuri mno. Ila huyu anapumua kwa matundu haya na kwa mbavu hizi za pembeni. Ukimfunika anakosa pumzi."

Bibi Anyesi aliokota kitambaa. "Sikujua chombo kinapumua. Mkwe wangu, wewe ulijua?"

Evaresta aligusa pindo lililobabuka. "Nilijua kinapata moto, mama. Niliogopa kukiondoa kitambaa. Ni wewe uliyekifuma."

Bibi alikikunja kitambaa mara mbili.

"Uliogopa uzi kuliko moto?" alisema. "Mimi nafuma kingine kwa siku tatu. Wewe nakufuma na nini?"

Evaresta alicheka huku machozi yakimtoka, na safari hii hakukuwa na vitunguu karibu.

Abdiel alirudi. Kumi na tano. Nashilu aliisoma mara mbili, akaiweka pembeni. Swichi ilikuwa imezimwa. Aliunganisha betri, mwekundu kwanza, mweusi mwisho.

"Mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Ukigeuza, konveta inakufa kabla hujamaliza kusema samahani." Alipima kwa mita. Ndipo akaingiza fyuzi. "Mama Irine, washa."

"Mimi?"

"Ni mashine ya nani?"

Evaresta alikausha viganja kwenye kanga. Alisukuma swichi. Tak. Nashilu alipima upande wa kutokea: volti kumi na mbili na nukta moja. Akawasha swichi ya paneli, kisha akaunganisha mashine.

Feni ikazunguka.

Kipimajoto kilikuwa thelathini na mbili. Walisimama wanne mbele ya kioo. Thelathini na mbili. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu.

"Sasa?" aliuliza Abdiel.

"Sasa hakuna anayejua. Wamepigwa na baridi zaidi ya saa moja. Msifungue. Subirini Jumamosi."

*

Ijumaa ilikuwa siku ndefu. Evaresta aligusa konveta kila saa. Ilikuwa vuguvugu tu, kama kikombe cha chai iliyosahaulika. Abdiel alichonga sanduku lenye matundu, Nashilu akaja kuzima kila kitu kwa utaratibu ule ule, na betri zikahamia barazani, mbali na jiko. Kazi nzima ilichukua dakika kumi na tano. Kabati likarudishiwa sahani zake.

"Na matunzo?" Abdiel aliuliza. Alikuwa na penseli ya useremala na kipande cha mbao, anaandika.

"Kila mwezi mnazima, mnasubiri, mnafuta vumbi kwa brashi kavu, mnaangalia kama kuna waya uliobadilika rangi. Maji hapana, kitambaa kibichi hapana. Kazi yenu ni hiyo, na kuzima, na kuniita. Fyuzi ikiungua, msiulize tu fyuzi mpya iko wapi. Ulizeni kwanza kwa nini imeungua. Na ile pampu ya tairi?"

"Nitajaza upepo kwa mguu," Abdiel alisema.

"Itakupunguza. Pete itaanza kutoka bila sabuni."

Jumamosi alfajiri hakuna kilichosikika. Saa moja, kimya. Saa mbili Evaresta aliweka sikio kwenye mbao, akaondoa, akaweka tena. Bibi Anyesi alikaa kwenye kiti na sindano yake, lakini vidole havikuwa vinafuma.

"Mama Viza," Evaresta alijisemea.

"Nyamaza," alisema Bibi Anyesi. "Sikiliza."

Piu. Sauti ndogo kama bawaba isiyotiwa mafuta. Yai moja lilikuwa na ufa. Jina lilikuwa limepasuka katikati: *Nashi* huku, *lu* huku.

Mpaka jioni kioo kilikuwa kimejaa midomo na manyoya yaliyolowa. Kati ya mayai tisini na sita, sabini na saba yalitoa vifaranga. Si yote. Evaresta hakuwaficha majirani. Aliwaambia saa moja ile ya baridi ilitoka wapi, na kosa lilikuwa la nani. Wa kwanza kusema alikuwa Mama Nancy. "Mimi nina konveta nyuma ya televisheni," alisema. "Imevaa." Akaweka vifaranga vyake kwenye boksi, akaenda nyumbani kwa haraka kidogo.

Jumapili baada ya ibada Nashilu alikuja kuchukua vyake tisa. Alikuwa amevaa vizuri, shanga shingoni, bangili zinalia mkono mzima. Alitazama konveta ukutani, akaona skrubu moja imekaa upande. Alinyoosha mkono.

"We!" Bibi Anyesi aliinuka kwenye kochi. "Mkono mtupu kwanza!"

Alionyesha kwa sindano. Kando ya swichi, kwenye msumari, kulikuwa na kifuko kidogo kilichofumwa kwa uzi mweupe, kina njiwa wawili. Ndani yake tayari kulikuwa na saa ya chuma na pete ya ndoa, maana Abdiel alikuwa barazani anakagua betri.

Nashilu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha alivua bangili, moja, mbili, tatu, nne, akazitumbukiza kwenye kifuko. Akasukuma swichi ya mashine tupu, akazima ya paneli, akazima ya betri, na akakaa chini kusubiri dakika tano.

"Leta chai, Mama Irine," alisema. "Leo hatuna haraka."